Jeki Ina Kazi Moja

Biryogo, Kigali, 1991

Kwa Bwana Direkteri wa masomo ya jioni,

Salamu na heshima. Mimi Ilyasi, fundi wa magari, nina miaka sabini na mitatu. Nimezika matajiri wawili Wagiriki, malori manne, na daktari aliyenikataza pilipili. Kwa hiyo unisikilize.

Hapa Biryogo watu walikuwa wanasema kiriki, kwa Kifaransa. Neno jeki nilileta mimi kutoka Kampala, pamoja na jeki yenyewe, ndiyo maana naitwa Mzee Jeki. Mwalimu wako Viateur alikuja kuiazima awaonyeshe wanafunzi wa Kiingereza. Jeki yangu haitembei peke yake, mtaa mzima unajua: ukiiazima unaniazima na mimi, na chai unanipa. Basi nikakaa darasani nailinda. Malalamiko ni haya:

1. Viateur alisema jeki ni chombo cha kuinua gari. Hapo sina neno. Ila chai haikuwa na sukari.

2. Akasema Waingereza wanaita hivyo hata bendera ya meli. Bwana Direkteri, Rwanda meli iko wapi?

3. Akasema tena ni karata yenye picha ya kijana. Mimi mtu wa swala tano, leo nimekuwa kamari?

4. Akasema ni punda dume. Darasa zima likageuka kunitazama. Mukantwari muuza nyanya alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Sasa nikipita sokoni wananiuliza kama nimeshakula majani.

Niliondoka kwa hasira bila kuaga, jeki ikabaki mezani. Kosa la Viateur.

Naomba utoe amri: maana zote zifutwe ubaoni, ibaki ile ya gari. Kitu kimoja, kazi moja. Punda wao wamtafutie jina, majina hayajaisha duniani. Wakikataa, neno lao nalirudisha Kampala, na Biryogo tutasema kiriki tena, waone hasara.

Wasalimie walimu wote na mama watoto. Viateur msalimie nusu.

Ni mimi nisiyerudi nyuma,
Ilyasi, Mzee Jeki

N.B. Jeki irudi leo kabla ya magharibi. Si kwa ajili ya gari, gari sijaletewa tangu mwaka jana. Lakini usiku ndiyo mguu wa nne wa kitanda, mchana inazuia mlango, na mke wangu Kanyange anapondea nayo karanga. Ukidhani nasema uongo, muulize yeye: ndiye analala upande ulioinama.