Bawa la Kushoto

Jumatatu, 9 Juni

Barua kutoka mamlaka ya anga. Ukurasa mmoja, mihuri miwili. Kila ndege ndogo ya aina yetu ikaguliwe vile vyuma vinavyoshikilia mabawa, na boliti zake, kabla haijatimiza saa kumi nyingine hewani. Ndege mbili huko kwingine zimekutwa na nyufa. Ni amri, si ombi.

Sisi tuna ndege moja tu. Inabeba barua, dawa na abiria wanne, kwenda mji wa pili na kurudi, kila siku ya kazi. Ratiba yake naipanga mimi. Na Jumamosi hii nimeipangia safari ambayo nimeihangaikia tangu Februari: wapimaji wa barabara, wakiongozwa na mhandisi wao mkuu, wanataka kuona bonde lote kutoka juu. Mzee, mwenye kampuni, ameniambia kwa mdomo wake kwamba safari hiyo ikienda vizuri nitakabidhiwa tawi jipya. Tawi lenye ofisi. Ofisi yenye mlango.

Fundi wetu ameisoma barua akiwa amesimama. Ni mdogo wa mke wangu, na ndiye mtu pekee kazini ambaye siwezi kumkaripia. Amesema ukaguzi ni siku tatu. Akianza kesho, Alhamisi anamaliza, Jumamosi tunaruka bila wasiwasi.

Nikamuuliza, na akikuta ufa?

Akasema basi haturuki. Chuma kipya huagizwa ng'ambo, wiki sita.

Yaani akichungulia naweza kukosa tawi, asipochungulia silikosi. Nimemwambia aniachie nipange.

Jumanne, 10 Juni

Nimepiga hesabu. Safari ya barua ni saa moja na dakika arobaini kwenda na kurudi. Mara tano, saa nane na dakika ishirini. Ya Jumamosi ni saa tatu na nusu. Jumla inapita kumi. Kidogo tu, lakini inapita.

Nimemfuata rubani. Tunamwita Kimya, kwa sababu anaongea kama anayelipia kila neno. Nimemweleza, kirafiki, kwamba neno "hewani" lina utata. Ndege inapopanda haijawa hewani kabisa. Inaposhuka, imeshaanza kutoka hewani. Tukitoa dakika za kupanda na za kushuka, tunabaki chini ya kumi.

Kimya alifungua kitabu cha ndege. Akaandika humo dakika zote, mpaka zile za kuzunguka uwanja. Kwa kalamu ya wino.

Huyu mtu hanipendi. Ni kwa sababu nilimbadilishia siku yake ya mapumziko mwezi uliopita. Mara mbili.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya.

Saa tisa shemeji aliniita bandani. Alikuwa chini ya bawa la kushoto na tochi. Pale bawa linapoungana na mwili wa ndege kuna kifuniko chembamba, na kutoka chini ya kifuniko ulikuwa umechuruzika mstari wa kutu. Mwembamba kama wino. Alisema aliupangusa asubuhi. Sasa umerudi.

Nikasema labda ni mvua. Akanijibu kwamba haijanyesha tangu Mei.

"Shemeji," akasema, "kesho asubuhi nafungua hiki kifuniko. Mpaka nikifungue, ndege hii isiende popote."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ndiyo iliyonitia baridi.

Nimekaa ofisini nikafikiri kwa kasi. Nikamrudia. Nimemwambia shemeji kwamba Mzee amepata habari za duka linalouza boliti halisi za mabawa, na anamtaka yeye, fundi mwenyewe, aende akazichague, kwa sababu jicho la fundi ni jicho la fundi. Basi linaondoka alfajiri. Duka liko wapi? Nikataja mji wa kwanza wa mbali ulionijia kichwani.

Alisita. Halafu nikaona amefurahi. Amekuwa akiomba boliti mpya mwaka mzima na hakuna aliyemsikiliza. Akaninyooshea kidole na kunisisitizia nimwambie rubani asiruke mpaka arudi.

Nimemwambia nimemsikia. Na kweli nilikuwa nimemsikia.

Alhamisi, 12 Juni

Sikumwambia Kimya.

Nilikusudia. Nilimsogelea mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anakagua mafuta. Mara ya pili alikuwa anakunywa chai, na mtu anayekunywa chai hana sura ya mtu mwenye hatari. Nimeipangusa ile kutu mwenyewe, kwa kitambaa cha kufutia meza. Ndege ikaondoka saa tatu.

Sikufanya kazi yoyote. Nilikaa karibu na redio. Simu ya mezani ilipolia niliruka nikagonga goti. Alikuwa mtu anauliza kuhusu kifurushi.

Saa sita kasoro imerudi. Kimya ameshuka, amejinyoosha mgongo, ameenda zake. Nikaenda kutazama bawa. Mstari upo, na safari hii umekuwa mrefu zaidi, mpaka kwenye msumari wa tatu.

Nikaupangusa tena.

Nimekumbuka jambo jingine nikiwa njiani kurudi nyumbani. Mji nilikomtuma shemeji ndio huohuo ndege yetu inakotua. Nchi yote hii, na mimi nikachagua hapo. Lakini uwanja uko mbali na soko, na yeye atakuwa sokoni akitafuta duka. Hawawezi kukutana. Nimejituliza.

Nyumbani, mama mkwe anafunga mizigo. Amekaa kwetu wiki tatu akitibiwa goti, na kesho anarudi kwake. Kwake ni mji huohuo. Saa tisa ndani ya basi na goti lile. Nimemwonea huruma.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika haya nyumbani kwa mama mkwe, mezani kwake.

Asubuhi mke wangu aliniambia ana habari nzuri. Amezungumza na Kimya. Leo ndege ina viti vitupu, na Kimya amesema mama apande, asiteseke na basi. Mke wangu aliisema kama zawadi aliyoniandalia mimi.

Nikasema ndege ina kelele. Mama akasema masikio yake mazima, mgonjwa ni goti. Nikasema huko juu kuna baridi. Akanionyesha sweta. Nikasema, mama, basi lina madirisha makubwa, utaiona nchi.

"Mwanangu," akasema, "nchi nimeiona miaka sitini na minane. Mbona hutaki nipande? Kuna nini?"

Mke wangu akageuka kunitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema hakuna kitu, mama, ni upendo tu.

"Basi kama ni upendo, twende wote. Nikiwa na wewe sitaogopa."

Saa tatu na dakika kumi nilikuwa nimefunga mkanda, kiti cha nyuma ya rubani, upande wa kushoto. Nilijaribu kuhamia kulia. Kulikuwa na masanduku ya dawa.

Sijawahi kuangalia kitu kwa makini kama nilivyoliangalia bawa lile. Ukiliangalia chini, limetulia kama meza. Juu halitulii. Linapumua. Linapanda kidogo, linashuka kidogo. Dakika ya ishirini tukaingia kwenye upepo mbaya juu ya vilima. Ndege ikaanguka kama kikombe kilichoponyoka mkononi, halafu ikadakwa. Kukasikika mlio kutoka upande wangu. Mmoja, mkavu, kama fundo la kidole likivunjwa.

Kimya akageuza kichwa akasikiliza. Akapunguza mwendo.

Mama mkwe, kiti cha nyuma yangu, alikuwa amenishika bega. Akainama sikioni kwangu, akipigana na kelele za injini. Alitaka kuniomba radhi. Nilipokuja kumposa binti yake aliwaambia ndugu zake kwamba huyu kijana ana maneno mengi na moyo mdogo. Sasa anaona alinikosea. Mtu aliyeacha kazi zake kumsindikiza mama mkwe angani, tena huku anatetemeka hivi, ni mtu mwenye moyo.

Nililia. Akanipangusa kwa ncha ya kanga, akasema tunakaribia, mwanangu.

Tukatua. Magurudumu yaligusa ardhi taratibu mno. Nafikiri Kimya hakutaka kulisumbua bawa. Nikafungua macho, na aliyesimama mbele ya kibanda cha uwanja, begi la zana begani, alikuwa shemeji yangu.

Alizunguka mji mzima tangu jana jioni. Hakuna duka. Akaja uwanjani kumuuliza mlinzi kama anajua vinakouzwa vipuri, na mlinzi akamjibu kwamba asubiri awaulize wenzake, maana ndege yao ilitua hapa jana na leo inakuja tena. Alimpigia Kimya mara sita. Simu ya Kimya hukaa ndani ya begi. Alinipigia mimi. Yangu nilikuwa nimeizima tangu asubuhi, kwa ajili ya amani.

Mlango ukafunguka. Akamwona mama yake anashuka.

Hakupiga kelele. Alimshika mama yake, akamkalisha kwenye benchi, akamwulizia goti. Kisha akarudi kwetu. Akamuuliza Kimya, mbele yangu: "Hukuambiwa usiruke?"

"Na nani?"

Akanitazama. Kimya naye akanitazama. Nikaanza kueleza kwamba kulikuwa na mkanganyiko wa mawasiliano. Nikasikia sauti yangu, nikanyamaza.

Alilala chini ya bawa na bisibisi, tochi na kioo kidogo cha kujipodolea alichoazima kwa mama yake. Kifuniko kikatoka. Zikapita dakika mbili hivi. Akamwita Kimya peke yake. Kimya akachungulia kiooni, akatoka chini ya bawa, akaketi palepale kwenye lami, akavua kofia.

Nami nikachungulia. Ufa ulianza kwenye tundu la boliti ukateremka kwenye chuma, urefu wa kidole changu cha shahada. Chuma kilichobaki kizima kingefunikwa na ukucha.

Kimya alizungumza hatimaye. Alisema ana mabinti wawili. Basi.

Mama mkwe alikuja akichechemea na kutaka kujua kuna nini. Shemeji akamweleza yote, kwa utaratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unatetemeka."

Amenipikia hata hivyo. Ameniwekea sahani, akaenda kula na mwanawe chumba kingine.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tisa nzima ndani ya basi. Shemeji kiti cha dirishani, mimi cha njiani, Kimya nyuma yetu. Ndege imebaki kule, imefungwa kwa kamba, na karatasi nyekundu kwenye usukani yenye sahihi ya fundi.

Nimejaribu kuomba msamaha tulipopita daraja la kwanza. Shemeji akasema atanisikiliza siku nyingine, leo hana nguvu. Akaegemeza kichwa kwenye kioo. Nikaona machozi yanamtoka akiwa amefumba macho, na nikageuka upande mwingine.

Mke wangu alikuwa ameshapata habari. Alinifungulia mlango, akanitazama juu mpaka chini kama anayehakikisha nimerudi mzima, kisha akaniuliza swali moja: kama mama asingesema twende wote, ningemwacha apande peke yake? Nimesema hapana. Amesema nirudie nikimwangalia machoni. Sikuweza.

Nimelala sebuleni. Nimeapa: kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee ameniita. Shemeji na Kimya walikuwa wamekaa tayari. Kuanzia sasa, neno la fundi ndilo la mwisho kuhusu ndege, na mimi sina ruhusa ya kuigusa hata kwa kitambaa. Ni haki. Nimeinamisha kichwa kwa dhati.

Hakunifukuza. Wapimaji wamekubali kusubiri mpaka Alhamisi. Amesema niliyeharibu nitengeneze: nitafute ndege ya kukodi, iliyokwisha kukaguliwa. Amerudia neno hilo mara mbili. Hilo la tawi hakuligusia, lakini hakusema pia kwamba limekufa.

Nimepiga simu mchana kutwa. Zilizokaguliwa zote zimeshikwa na watu. Mwishowe nimempata bwana mmoja mwenye ndege ya aina ileile. Ukaguzi wake ni wiki ijayo. Lakini anasema kwenye zile saa kumi bado amebakiwa na nne. Safari ni tatu na nusu. Inaingia, na nusu saa inabaki. Amri yenyewe inaruhusu. Kimya amekataa hata kusikia, ila huyo bwana ana rubani wake, kijana mchangamfu, haulizi maswali.

Kwenye fomu kuna mstari unaosema: imekaguliwa? Nimeandika ndiyo. Fomu haikuuliza lini.

Mhandisi mkuu amefurahi sana. Ameniuliza kama nitaruka nao, nikae naye kiti cha mbele, nilione bonde. Nimemshukuru. Nimemwambia mtu mmoja lazima abaki chini, aangalie usalama.