Gari la Mama Mkunga

Asubuhi hiyo Injinia alikuwa kwenye duka la vipuri vya magari, ameegemea kaunta, hanunui kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila siku. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, penseli sikioni, na mikono yake ilikuwa safi kuliko ya karani wa benki. Jina la Injinia alijipa mwenyewe, na mtaa ukalikubali kwa sababu kumbishia kulichukua muda mrefu. Ni kweli kwamba ujanani alikaa gereji miaka minne, akajifunza ufundi vizuri tu. Kisha siku moja akagundua kuwa kueleza ubovu wa gari kunalipa kuliko kuuondoa, na tangu hapo spana aliishika pale tu mteja alipokuwa anatazama.

Basi akaingia bwana mmoja mnene, kofia ya kaki kichwani na kizibao chenye mifuko isiyohesabika. Jina hakulitaja, nasi tutamwita Bwana Mifuko.

"Natafuta gari la zamani la porini," akamwambia mwenye duka. "Lile fupi, la taa za duara. Injini iwe ileile lililozaliwa nayo. Nina wageni wanataka kutembezwa kwa gari la kale."

"Hayo yamekwisha, mzee."

"Najua yamekwisha, ndiyo maana nitatoa bei ya kiwanja. Lakini liwe zima!" Akachomoa karatasi kwenye mfuko mmojawapo, akasoma kwa sauti ya hakimu. "Springi zimenyanyuliwa. Bomba la kuvutia hewa limepanda mpaka juu ya paa, lisinywe maji mtoni. Winchi mbele. Sakafu haina tundu. Magurudumu yote manne yanavuta. Kikikosekana kimoja, silitaki hata la bure."

Injinia alimeza mate. Akajiweka sawa kola, akasogea.

"Mzee, umefika."

"Nimefika wapi?"

"Kwangu. Nipe namba yako ya simu, halafu usihangaike tena na mtu mwingine."

Gari la namna hiyo mjini lilikuwa moja tu, na Injinia alilijua lilipo. Lilikuwa uani kwa Mama Mkunga, nyuma ya tangi la maji, limefunikwa turubai, na kiti chake cha nyuma kilikuwa kimekaliwa na kuku watatu wanaotaga. Mama Mkunga alikuwa amestaafu, lakini nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa uchi na inalia, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kujifanya mkubwa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya sema, unauza nini?"

"Mama nawe! Mtu hawezi kuja kusalimia?"

"Wewe nilikupokea mimi, mwanangu. Ulitoka unapiga kelele chumba kizima kikatetemeka, na mpaka leo sijakusikia ukinyamaza. Sema."

Injinia akasema kwamba amepita tu, akaliona turubai, moyo ukamuuma. Kwa nini gari zuri namna hii lilale na kuku?

Mama Mkunga akaketi kwenye kigoda chake. "Hata mimi linaniuma. Binti yangu yuko kule milimani, ng'ambo ya mto. Mimba tatu zimemtoka. Hii ya nne imefika mwezi wa saba, na mvua zikishika hakuna gari la kawaida litakalovuka ule mto. Nimezalisha mtaa mzima, fundi, halafu nishindwe kufika kwa wangu?" Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli.

Injinia akatikisa kichwa kwa huruma, kwa muda ule unaostahili, sekunde kama nne hivi. Kisha akafunua turubai, akafukuza kuku, akafungua boneti na kuingiza kichwa. Akaguna. Akazunguka nyuma, akaguna tena, mguno mrefu zaidi. Katika kuguna alikuwa hana mpinzani.

"Mama, pole sana. Limekufa."

"Limekufa?"

"Zamani. Hapa tunaongea juu ya marehemu. Kabureta imeganda, breki zimekufa, sakafu imeliwa na kutu, ukikanyaga unakutana na ardhi. Ila kwa sababu ni wewe, mimi nitalibeba kwa bei ya chuma chakavu, angalau upate nauli ya basi mpaka pale mtoni."

Mama Mkunga aliwatazama kuku wake waliofukuzwa. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alilileta hapa likinguruma," akasema mwishowe. "Halitoki uani kwangu kwa kukokotwa. Litengeneze litembee. Niendeshe mwenyewe, nizunguke mtaa mara moja tu, niliage. Baada ya hapo ni lako kwa hiyo bei yako ya chuma."

Mtu mwingine angeshtuka. Injinia alishindwa hata kuficha meno. Bwana Mifuko analitaka zima, kwa hiyo kulitengeneza ni lazima. Na huyu mama, maskini ya Mungu, anadhani amemwekea sharti gumu! Akaomba karatasi, akaandika mkataba papo hapo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuona mbali, akatia kipengele cha kujilinda. Itakuwaje gari likizimika katikati ya mtaa na yeye ameshalilipia? Akaandika kwamba mauziano yatakamilika pale tu gari litakaporudi uani, wala si kabla, na, ili mama asisite kusaini, kwamba gharama zote za matengenezo ni za mnunuzi. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akaitwa awe shahidi, akausoma mkataba mara mbili kwa sauti.

"Yaani likirudi uani ndiyo linakuwa lako?" akauliza Mama Mkunga.

"Likirudi uani, mama. Si kabla."

"Umeandika vizuri. Nasaini wapi?"

Kesho yake kazi ikaanza, na hapo ndipo yalipoanza mateso ya ovaroli ya buluu. Injinia alikusudia kufanya kazi kwa mdomo, kama desturi yake. Matundu ya sakafu akayaziba kwa maboksi na gundi, akapiga rangi juu yake, pakapendeza. Mama Mkunga akaja na chai, akaihamishia mkono wa kushoto, na kwa kisigino cha mguu wa kulia akakanyaga sakafu. Mguu ukatokea chini ya gari.

"Mwanangu," akasema, mguu ungali huko chini, "ndivyo alivyotaka marehemu?"

Injinia angeweza kumbishia marehemu. Aliyemshinda ni Bwana Mifuko, ambaye kila alipopigiwa simu alijibu, "Bado natafuta. Sakafu umeiangalia lakini? Mimi huwa nakanyaga." Basi akakodi mashine ya kuchomelea, akakata bati nene, akalala chali chini ya gari siku nne, cheche zikimwangukia shingoni. Pikipiki yake ikauzwa ikawa springi na winchi. Televisheni ikawa matairi. Kochi alilompigia domo jirani mpaka akaachiwa nalo likawa silinda za breki na bomba refu la hewa.

Kulikuwa pia na suala la kipembe. Mama Mkunga alikuwa na kile kipembe cha mbao ambacho wakunga husikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, ikakohoa moshi mweusi na kutulia, Injinia alirusha spana juu kwa furaha. Mama Mkunga hakurusha kitu. Aliinama, akaweka kipembe juu ya injini na sikio juu ya kipembe, akafumba macho.

"Wa tatu anasita," akasema.

"Nani?"

"Sijui mnawaitaje. Humu ndani wako wanne wanaopiga, na wa tatu anachelewa. Mtoto wa hivi nisingemwacha mama yake aende nyumbani."

Injinia akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafungua, kwa nia ya kumwonyesha kwamba amekosea, akakuta valvu ya silinda ya tatu imeungua pembeni. Akakaa chini. Akaisaga valvu mpya kwa mkono, taratibu, kama alivyofundishwa gereji zamani, na alipomaliza alimwomba mama aje na kipembe chake.

Na hapa niseme jambo ambalo Injinia asingependa lijulikane. Katika wiki ya sita alianza kuja kazini mapema kuliko inavyotakiwa. Alipiga msasa mahali ambapo mnunuzi asingeona. Alilipenda lile gari, na ilimuuma kidogo kwamba angeliuza. Mtaani walipomwona amechafuka mafuta hadi masikioni walicheka, wakasema safari hii amepata mbinu mpya, anajipaka kabisa.

Siku ya kuliaga gari ilipofika, mawingu yalikuwa mazito upande wa milimani. Mama Mkunga alitoka na begi lake la kazi. Akarudi ndani, akatoka na godoro. Akarudi tena, akatoka na madumu mawili ya petroli, sufuria na mfuko wa nguo za kitoto.

"Mama, si unazunguka mtaa tu?"

"Nataka lizunguke likiwa na uzito. Au kazi yako haiwezi uzito?"

Hapo alimgusa pabaya. Injinia alibeba godoro mwenyewe, akalifunga kwa kamba juu ya paa, akapakia madumu, akaketi kiti cha abiria kifua mbele. Mama akawasha. Injini ikanguruma vizuri, silinda zote nne pamoja. Wakarudi kinyumenyume kuelekea getini, mama akakanyaga breki.

"Mwanangu, macho yangu haya. Hebu shuka uniangalizie nisigonge nguzo."

Injinia akashuka upesi. Akasimama barabarani, mikono juu. "Njoo, mama. Njoo, njoo. Kata kulia. Rudi kidogo. Hapohapo! Haya nyoosha." Na kwa ustadi mkubwa, bila mkwaruzo hata mmoja, alilitoa gari uani.

Mama akatia gia. Gari likaenda hatua ishirini, likasimama kwenye kona, na mtu mnene mwenye kofia ya kaki akapanda, akafunga mlango. Injinia alisugua macho. Kisha akakimbia.

"Mzee! Gari lako ndilo hili! Subiri lirudi uani kwanza, ndipo tuuziane!"

"Kuuziana?" akasema Bwana Mifuko dirishani. "Ninunue nini, na shemeji ananipa lifti bure?"

"Shemeji?"

"Ni mdogo wake marehemu," akasema Mama Mkunga. "Anakaa mji wa pili, ndiyo maana hukumjua."

"Na wageni wako wanaotaka gari la kale?"

"Mgeni ni mmoja," akasema Bwana Mifuko. "Hajazaliwa bado."

Injinia alishika ukingo wa dirisha kwa vidole vyake vyeusi. Alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyozaliwa hakulipata.

"Mkataba, mama," akasema mwishowe.

"Mkataba ninao begini. Gari likirudi uani ni lako, kwa bei uliyoiandika mwenyewe, wala siukatai."

"Litarudi lini?"

"Mtoto akishakaza shingo nitafikiria." Akanyoosha mkono, akamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba, kama anavyofutwa mtoto. "Kazi nzuri, mwanangu. Nimesikiliza leo asubuhi. Hakuna anayesita." Akaondoka. Injinia alibaki pale kona amekasirika kweli, na katikati ya hasira hiyo akajikuta anasikiliza mlio wa injini mpaka ukapotea.

Mvua zikashika, wiki mbili mfululizo. Injinia, hana pikipiki wala kochi, alirudi kuegemea kaunta ya duka la vipuri. Siku moja akaingia dereva wa lori la mbao, matope mpaka magotini, ametoka milimani.

"Jamani, namtafuta fundi," akasema. "Mtoni kule nilikwama siku mbili, maji yamefika kwenye bodi. Mara kikatokea kigari cha zamani, kinaendeshwa na mama mtu mzima. Maji yalikifika kwenye taa, hakikuzima! Akavuka, akanifunga winchi, akanivuta mimi na lori langu na mbao zote. Nikamwambia mama kaa unywe chai, akasema hana nafasi, anamwahi mtoto."

"Alimwahi?" Injinia aliuliza.

"Alimwahi. Nilipopita juzi wakanionyesha. Msichana, mzima, analia huyo! Sasa nikamuuliza yule mama nani kamtengenezea gari, akaniambia fundi yuko mtaa huu, ila jina sikulishika. Nina lori, na wenzangu wana malori sita. Mtu huyo tutamlipa vizuri."

Injinia akasimama wima. "Ni mimi," akasema.

Duka zima likaangua kicheko. Mwenye duka alilazimika kushika kaunta.

"Ni mimi, ndugu! Sakafu nimechomelea mwenyewe, siku nne nimelala chini. Valvu ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua, nikasaga nyingine kwa mkono. Bomba la hewa nimelipindisha kwa moto. Wallahi, tazama mikono yangu!"

Dereva akaitazama mikono. Ilikuwa imeoshwa wiki mbili, imerudi kuwa safi kuliko ya karani wa benki.

"Usimsikilize huyo, kaka," akasema mwenye duka, akifuta machozi ya kicheko. "Ukimwachia lori lako, kesho atakuuzia."

"Hapana, mwache tu," akasema dereva, akimpigapiga Injinia begani. "Anasimulia vizuri sana, mtu unaweza kumwamini." Akawaaga wote kwa heshima, akatoka kwenda kumtafuta fundi.