Mabeseni Yetu na Ripoti Yenu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Taasisi ya Utafiti wa Maisha ya Jamii.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini hujambo pamoja na watafiti wako. Sisi Waroma, ambao wengine hutuita Majipsi, wa mtaa wa juu wa kijiji cha Kamenný Brod, hatujambo, ila maji hatuna, na ndiyo sababu ya barua hii.

1. Mwaka jana ulitutumia Daktari Radovan, kijana mpole mwenye viatu visivyoijua njia yetu. Alikunywa kahawa kila nyumba mpaka mikono ikamtetemeka, akahesabu mabeseni, akaaga. Ripoti yake inasema kaya zetu "zina vyombo vingi vya maji, ishara kwamba maji yanatosha." Halmashauri ya kijiji ikaisoma, ikafurahi, na bomba lililokuwa lipande hadi kwetu likaishia kwa seremala, chini ya kilima. Mheshimiwa, beseni moja ni la vyombo, jingine la uso, jingine la mashati, jingine la sketi na soksi, na ole wake atakayechanganya, maana kwetu huo ni unajisi! Hata watoto wetu wadogo wanajua. Maji yenyewe tunayabeba kutoka kisimani bondeni, na wakati wa barafu mama mkwe wangu Irma, mwenye magoti mabovu na asiyekatazika, huteremka akijiburuza kwa makalio. Swali moja tu lingetosha. Hakuuliza.

2. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba tulishirikishwa. Ni kweli. Tuliitwa mjini, tukapewa keki, tukapigwa picha. Mume wangu Gejza alishikishwa fidla, eti kila Mroma ni mpiga muziki. Gejza ni fundi bomba, Mheshimiwa. Aliishika kama spana, na ndiyo picha iliyo kwenye jalada la ripoti.

3. Kwa hiyo tunaomba haki sawa: sisi nasi tuwatafiti. Mama Irma atakuwa mtafiti mkuu. Tutafika kwako bila taarifa, wakati wa chakula, tumuulize mkeo mnaoga mara ngapi na kwa nini. Tumesikia mna beseni moja tu, kubwa la kulala ndani, na humo humo mnaosha miguu na uso. Mungu awasaidie. Tutaandika kwamba familia za wakurugenzi zina shida kubwa ya maji, na tutaiomba halmashauri iwape kisima chetu. Zaidi ya hapo hatutawauliza kitu, tusije tukaharibu matokeo.

4. Mpaka utuletee mtafiti atakayekaa nasi tutunge maswali pamoja, mtaa mzima umeapa: hakuna kiti, hakuna kahawa. Mama Irma ametangaza dirishani, majirani wote wakisikia: "Akija tena yule mhesabu mabeseni, mwambieni akahesabu bata wa meya! Kahawa yangu haionji ng'o!"

Nasikitika, maana yule kijana nilimpenda. Lakini nimechoka, Mheshimiwa, na mgongo unaniuma.

Wasalimie wote ofisini, dereva wako, na yule mama wa keki. Ilikuwa tamu.

Wako mwenye mabeseni mengi,
Jolana Čonková

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, Daktari Radovan amebisha hodi, anatetemeka kwa baridi. Mama Irma amemtukana vizuri, kisha amempa kiti chake mwenyewe, na sasa anamchemshia kahawa kwa maji yetu ya mwisho ya leo. Kwa hiyo namba 4 ifute. Ila nakusihi, mwambie asije akaandika kwamba maji ya kahawa tunayo.