Ndovu Atanisalimia Mbele ya Wahome

Jumatatu, 11 Septemba 2000

Mji mzima wa Bisil unamtaja mtoto wangu! Kathini, miaka tisa tu, amefanya urafiki na ndovu. Ndovu mdogo, lakini ndovu! Jirani yetu Parmuat alimtoa kisimani kwa kamba, mama yake hajulikani aliko. Anakataa chupa ya maziwa ya kila mtu ila Kathini. Kathini ndiye amemwita Ndulu. Amemfundisha hata salamu ya watoto wa Kimaasai: mtu mzima akija, anainamisha kichwa aguswe. Wahome wa hoteli ameshasalimiwa mara mbili. Anaringa huyo! Nilipofika mimi, baba mzazi, mwenye bucha, Ndulu akajificha nyuma ya choo.

Jumamosi askari wa wanyama wanampeleka kwa ndovu wengine yatima. Nimemwambia Wahome mbele ya wateja wake kwamba siku hiyo nitasalimiwa mimi, watu wote wakiona. Alicheka akamwaga chai.

Jumatano, 13 Septemba

Nimetoka kazini moja kwa moja, nimejipaka manukato ya mke wangu Nzula. Ndulu mbio! Kathini akasema, baba, unanuka damu, oga kwanza. Damu gani? Nimechinja mbuzi wawili tu. Hapa kuna mkono wa Wahome.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimevaa sweta ya shule ya Kathini juu ya aproni, ninuke kama yeye. Mkono mmoja tu uliingia. Ndulu akaja, kweli akaja! Akanusa. Akatoka mbio na kamba ya kuanikia nguo ya kina Parmuat shingoni. Parmuat akaniuliza kwa upole kama niko mgonjwa. Nzula naye anauliza sweta imepasukia wapi.

Kathini hajagusa chakula. Anasema kesho atabaki bila rafiki. Iliniuma sana. Nimemwahidi tutaenda kumwona.

Jumamosi, 16 Septemba

Umati! Kathini alinisugua kwa sabuni na majivu mpaka nikawashwa. Nikasimama mbele, kifua nje. Ndulu hakukimbia. Hakuinama pia. Wahome akaanza kukohoa. Kathini akaninong'oneza, baba, inama wewe.

Nikainama. Ndulu akaniwekea mkonga kichwani, taratibu, kama mzee akisalimia mtoto. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wacheke! Kajiado nzima, nani mwingine amebarikiwa na ndovu?

Lori la askari lilipowaka, Kathini alimpa Ndulu ile sweta iliyopasuka, aende akiinusa. Ndulu hakutaka kuachilia mkono wa Kathini. Nililia. Nimesema ni vumbi. Huyo ni mtoto wangu, jameni!

Jumatatu, 18 Septemba

Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: BUCHA YA NDOVU. Na picha. Mteja amekuja mmoja, akauliza kama hii nyama inaruhusiwa na serikali, akaondoka haraka. Wivu wa Wahome umefika mbali.

Jumapili tunaenda kumwona Ndulu. Kathini ameniwekea sabuni tayari. Ya nini? Nitaenda na aproni yangu ya kazi, bila kuoga, ili anitambue nikiwa bado mbali.