Wigi la Mfalme wa Philadelphia

Jumatano, Septemba 12, 1787

Mungu ni mwema! Leo nimemnyoa mjumbe wa ule mkutano wa siri wa Mtaa wa Chestnut, wanakopanga serikali mpya. Nikamuuliza kama wanatuwekea mfalme. Kimya. Nikauliza tena, wembe uko shingoni. Kimya! Kama mfalme hayupo, si angesema hayupo? Basi yupo. Na mfalme bila wigi ni mzee mwenye upara tu. Nitamshonea mimi, Obadia Trimble, naye atanipa cheo. Baroni Trimble! Tena nisipompata huyo, nafunga duka. Vijana siku hizi wanatembea na nywele zao wenyewe, hawana haya.

Ijumaa, 14

Nywele zimeniishia. Mke wangu Kezia akakata zake, akanikabidhi msuko mzima. Akasema afadhali zikae kwenye kichwa chenye akili, maana changu amekivumilia vya kutosha. Nimemshukuru kwa machozi. Mke wa namna hii hapatikani tena.

Jumamosi, 15

Nilikwenda kutega sikio chini ya dirisha la ukumbi. Joto lote hili, na madirisha wamefunga! Barabara nayo wameimwagia udongo, eti magurudumu yasiwapigie kelele. Kweli hayapigi. Sikusikia mkokoteni wa kuni ukija. Umenikanyaga mguu! Aliyenibeba mgongoni ni Silas Pennock, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, adui yangu. Mtaa mzima umeshasikia habari ya wigi langu, basi njia nzima ananiita Mtukufu, ananiuliza kama mabaroni nao hukanyagwa na mikokoteni ya kuni. Namshukuru, ila kwa shingo upande.

Jumatano, 19

Katiba imetoka gazetini! Hakuna mfalme. Kuna rais. Miaka minne, kisha wapige kura tena! Nimetafuta neno wigi toka juu hadi chini. Halimo. Na vyeo vya kimwinyi, marufuku! Nililia. Kezia, kitambaa kichwani, akasema ashukuriwe Mungu, angemwamshaje baroni anayekoroma vile.

Jioni Silas akaja na supu ya matumbo yenye pilipili. Akasema, jirani, funga duka hilo, kwangu kiti kipo, njoo tunyoe wote. Adui yangu! Nikaweka kijiko chini. Nikakubali, nikamshika mkono, sikutaka kuuachia. Namshukuru Mungu kwa mtu huyu.

Alhamisi, 20

Nimechelewa kazini siku ya kwanza. Nilikuwa nasoma tena lile fungu la vyeo, polepole. Wasioruhusiwa kupokea vyeo vya wafalme wa nje ni wenye dhamana serikalini. Mimi nina dhamana gani? Hata duka sina! Asante, Katiba! Wigi nimelimaliza, limeshapanda meli, linakwenda kwa Mfalme wa Denmark, anipe yeye huo ubaroni.

Kezia nimemsihi asizikate nywele zinazoota. Mfalme akijibu, malkia naye atataka lake.