Malalamiko Kuhusu Kubanduliwa kwa Nguruwe Wangu

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Ghorofa ya pili, mlango wenye kiyoyozi.

Mheshimiwa Mkuu,

Nyumbani wewe ni mkwe wangu, umemwoa binti yangu wa pekee. Kazini wewe ni mkubwa wangu, nami ni mama wa masjala tu, ninayetunza kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali hii. Jambo hili sikutaka kulisema mezani Jumapili, kwani mama mkwe mwenye adabu hagombani na mkwewe mbele ya mchuzi. Ndiyo maana naandika, kwa heshima zote zilizobaki.

1. Uliagiza neno la siri la kufungulia kompyuta liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, libadilishwe kila mwezi, na lisifanane na yaliyotangulia. Nilitii. Nikatumia majina ya wajukuu mpaka yakaisha, na wewe na mkeo hamkuharakisha kuniongezea.

2. Mwezi uliopita aliletwa fundi mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jengo. Mkewe alisimama dirishani kwangu ameshika kiatu kimoja cha mumewe, akasema, "Mama, alishawahi kupasuliwa hapa hapa. Dawa ya usingizi nusura imuue, lakini jina la dawa hiyo silijui." Muuguzi wa upasuaji alikuwa nyuma yake: "Dawa ipi, Mama? Tunasubiri wewe tu!" Nikaandika neno la siri. Mashine ikakataa. Nikaandika tena, ikajifunga kabisa. Nikapiga simu kitengoni kwako. Msaidizi wako akanijibu kwa sauti tamu, "Usijali, Mama. Jaza fomu ya kufunguliwa, halafu uitume kwa kompyuta." Kompyuta ipi, Mheshimiwa? Ile iliyojifunga?

Nilikimbilia stoo ya nyuma, kwenye majalada ya zamani ambayo kitengo chako kiliagiza yachomwe nami nikajisahaulisha. Nililipata jalada lake, lenye jina la dawa, nikiwa nimeloa jasho, nikarudi nalo mbio. Leo fundi anatembelea mkongojo na kunisalimia kila akija kliniki. Usalama wako haukumsaidia kitu. Aliponea kwenye vumbi langu.

3. Jioni ile nililia jikoni kwa binti yangu. Kama ujuavyo, anafundisha Kichina. Akanituliza kwa kunieleza maandishi yale yalivyoanza. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, waaguzi wa wafalme walichonga maswali kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe, wakayachoma moto hadi yakapasuka, kisha wakasoma jibu kwenye ile mipasuko. Na alama nyingi za mwanzo zilikuwa picha. Mti ni mti. Miti mitatu ni msitu. Mtu aliyeegemea mti ni kupumzika. Nguruwe chini ya paa ni nyumbani. Hapo nilicheka mpaka nikashika ubavu, nikamuuliza kama anamzungumzia mumewe. Nakunukulia hilo bila nia mbaya.

4. Nikatunga neno la siri: nguruwe mmoja, paa, alama ya kujumlisha, mtu mmoja, mti, kila jina likianza kwa herufi kubwa na kila "mmoja" ukiwa tarakimu. Lina kila ulichodai, na halikunitoka kichwani hata siku moja. Kwa tahadhari tu nikazichora alama zenyewe, pamoja na tarakimu zake, kwenye kadi, nikaibandika juu ya kioo cha kompyuta. Nani ataijua? Daktari wa macho aliikodolea macho akauliza kama ni ramani ya mabomba. Mfagizi alidhani ni mbu, akataka kumpiga kwa ufagio. Ikiwa daktari wa macho hakumwona nguruwe, mwizi atamwonea wapi?

Lakini juzi msaidizi wako aliibandua mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. "Mama," akasema, "siri haibandikwi ukutani." Watu wakacheka. Mimi, mwenye mvi zangu, nikacheka nao ili nisilie.

5. Kwa hiyo naona tatizo si kadi yangu. Tatizo ni hizi mashine. Napendekeza ziuzwe zote na hospitali irudi kwenye gamba la kobe. Gamba halihitaji umeme wala halibadilishwi kila mwezi. Ni kweli kobe akitishwa hujifunga kama mashine yako, lakini yeye baadaye hufunguka mwenyewe bila fomu. Na mfupa uliochomwa ulimjibu mfalme, ilhali kitengo chako hakipokei simu baada ya saa saba.

Naomba basi nirudishiwe nguruwe wangu, niombwe radhi mbele ya foleni ileile, na ninunuliwe kobe mmoja, aliye hai. Kumchoma sitamchoma.

Baba mkwe wako anakusalimu, anauliza utakuja lini kumtengenezea redio. Msalimie mkeo, wasalimie wote wa ghorofani, na yule msaidizi pia, maana hata yeye ana mama.

Wako katika kazi na katika ukoo,
Mama wa Masjala

N.B. Kabla sijaifunga bahasha limetokea jambo dogo. Ile kadi, kabla haijabanduliwa, nilimtumia binti yangu picha yake, nimwonyeshe nilivyoelewa somo. Naye kwa kujivunia mama yake akaichora ubaoni kwenye darasa lake la jioni, akawataka wanafunzi watambue kila picha. Wote wamepata. Mmoja wao ni dereva wetu wa gari la wagonjwa, aliyekuwa akiiona kadi ile juu ya kompyuta yangu kila siku. Nimemkuta asubuhi hii kwenye kiti changu, ameingia kwenye kompyuta kwa neno langu, anasoma kumbukumbu zangu mwenyewe za shinikizo la damu. Nakuomba, mwanangu, ulibadilishe leo leo, hata kwa masharti yako yote. Dereva hana ubaya. Amenipisha nikae, akanitazama kwa huruma, akanishauri nipunguze chumvi.