Mpango wa Kumweka Reem Chini

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Alhamisi wanakuja wanawake kutoka Nizwa kumtazama dada yangu Reem. Yumo mama yake Firas, kijana anayeposa, Bi Mahfoudha mwenyewe! Firas tunamtaka, Reem anamtaka zaidi. Tatizo moja: Reem akifurahi, hunyanyuka. Shubiri moja, mbili, dhiraa. Tangu utotoni. Sisi tumezoea, tunazima feni tu. Watu wa Nizwa je? Posa itavunjika! Bibi yetu Khamisa kasema niache. Niache? Kazi hii inataka akili, na akili ninayo mimi.

Jumatano, 5 Novemba
Dawa ni uzito. Nikaenda soko la Jumatano hapa Ibra kununua mitali ya fedha, ile mizito ya miguuni. Soko la wanawake peke yao, wanaume marufuku! Nilijua, lakini nilidhani alfajiri halijaanza. Limeanza. Muuza ubani kanifukuza kwa ufagio mpaka garini. Mke wa bosi wangu kashuhudia. Fedheha!

Jioni nimepata chubwi, zile risasi za kuzamishia nyavu, kwa rafiki mvuvi wa Sur. Nimezishona mwenyewe kwenye pindo la nguo ya Reem. Kaniuliza kama namwonea haya. Nikasema naogopa feni. Uongo kidogo. Nampenda dada yangu. Ni macho ya watu ndiyo siyawezi.

Alhamisi, 6 Novemba
Wamefika. Mimi nyuma ya mlango wa jikoni. Reem kaingia na kahawa, anajikokota. Bi Mahfoudha kamwambia kuwa Firas hapati usingizi kwa kumtaja yeye. Basi! Uzi ukakatika, chubwi zikatawanyika sakafuni, Reem huyoo juu, birika mkononi. Feni inazunguka! Nani kasahau? Mimi.

Bibi kaizima bila haraka. Kasema, “Mtoto wetu ndivyo alivyo, Bi Mahfoudha. Atashuka.”

Bi Mahfoudha kauliza kama hunyanyuka na kwa huzuni. Bibi kasema la, kwa furaha tu. Basi vizuri, kasema yule mama, mwanangu akimuudhi hatanyanyuka, tutajua siku hiyo hiyo. Akainua kikombe juu, Reem akammiminia kutoka huko huko. Wakasoma Fatiha, posa ikakubaliwa.

Nililia kwa furaha nyuma ya mlango. Nikatazama chini: ndara zangu ziko sakafuni, mimi simo. Kizunguzungu, bila shaka.

Jumamosi, 8 Novemba
Harusi Januari. Ukumbi mzima wa watu! Nimeagiza chubwi kilo ishirini, na safari hii uzi wa nailoni. Kumi na tano za Reem. Tano za pindo la kanzu yangu, tahadhari tu.